Jino Lililomsubiri Baba Mdogo

Bibi yangu Emerensiana alikaa na jino bovu miaka saba. Si kwamba hakukuwa na wa kuling'oa. Mjini Mpanda, kwenye zahanati ya karibu na stesheni, alikuwepo Ponsian, na watu wa Mwamkulu wakiumwa meno walikwenda kwake. Anakukalisha, anakuchoma sindano ya ganzi, anakuuliza mpunga umefikia wapi, na wewe bado unatafuta jibu, jino liko kwenye beseni. Bibi hakwenda hata siku moja. Alisema jino lake lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Bulgaria anasoma.

Mwenyewe ni baba mdogo Telesphor, mtoto wake wa mwisho. Serikali ilimpeleka huko kusomea udaktari wa meno wakati mimi sijaanza hata darasa la kwanza. Alipoondoka bibi alikuwa na meno mazima. Mwaka uliofuata lile la chini, la nyuma upande wa kulia, likaanza. Watu wakamwambia nenda kwa Ponsian, ni mara moja tu. Akawajibu kwamba mama mwenye mtoto fundi cherehani hapeleki kitambaa chake kwa jirani.

Mimi nilikuwa naishi naye. Baba na mama wako Karema, baba anavua ziwani, wakanileta kwa bibi nimsaidie na nisome. Kwa hiyo lile jino tulikaa nalo wote wawili. Nilijua saa zake. Mchana lilikuwa linalala. Alasiri, jua likianza kubadilika rangi juu ya majaruba ya mpunga, linaamka. Bibi anaacha kusema katikati ya maneno, anashika shavu, anaangalia mbali, na mimi naenda kuchemsha majani ya mpera bila kuambiwa. Akisukutua anafumba macho. Nilikuwa nawaza kwamba ndani ya lile jino kuna chumba kidogo chenye giza, na mtu amekaa humo kwenye kigoda, hana haraka, anangoja kugongewa. Sikumwambia mtu. Mimi siongei sana. Shuleni mwalimu akiniuliza najibu kwa kichwa. Bibi alikuwa ananitania, "Mke mwenzangu, huo mdomo Mungu kakupa wa nini, si angempa kuku tu."

Baba mdogo alirudi mwaka sabini na saba, mwezi wa tano, watu wako kwenye kuvuna. Treni ya Tabora ilichelewa, ikaingia asubuhi na ukungu, na abiria wakawa wanashuka kama wanatoka ndani ya maziwa ya ng'ombe. Mmoja alikuwa mrefu, amevaa koti la baridi, amebeba sanduku la mbao kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Bibi hakukimbia. Alisimama tu, akamwita jina lake lote, Telesphor Kasimiri, kama vile anasoma kwenye karatasi. Baba mdogo akaweka sanduku chini kwanza, taratibu, ndiyo akaja kumshika.

Alikuwa na wiki mbili tu kabla ya kwenda kuanza kazi Dar es Salaam. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno anaenda kulichukua chumba cha pili. Alikula ugali, akalala mchana kutwa. Bibi hakumwambia habari ya jino siku hiyo. Alisema mgeni haombwi kazi kabla hajanawa vizuri. Lakini sanduku lilikuwepo, na kufuli lake halikufungwa.

Tulifungua pamoja, mimi na bibi. Ndani mlikuwa na meno. Taya nzima nzima, za juu na za chini, nyeupe kama unga wa muhogo, zimelazwa kwenye pamba. Mengine yamepanda juu ya wenzake kama mbuzi wanaogombania mlango wa zizi, mengine yamekaa mbalimbali, mengine yamezungushiwa waya mwembamba sana. Mwanga wa dirishani ulikuwa unapita juu yake, nikaona kama yanataka kusema kitu lakini hayana ulimi. Bibi akagusa moja kwa kidole. Akasema taratibu kwamba hakujua mwanawe ni fundi kiasi hiki.

Alichukua taya tatu, akazifunga kwenye khanga, akaenda nazo kwa jirani yetu Marsela. Nilimfuata nyuma. Huko akaeleza kwamba watu wengine wanang'oa jino moja moja, kama Ponsian, lakini Telesphor anatoa mstari mzima kwa mara moja na mtu anarudi nyumbani kwa miguu yake. Marsela akaigeuza taya, akaiangalia kwa chini, akauliza wenye nayo sasa hivi wanakulia nini. Bibi akasema Ulaya wanapewa mengine.

Kesho yake asubuhi uwanja wetu ulikuwa umejaa. Watu wameshika mashavu, wengine wamejifunga vitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, mtu mmoja katoka Sibwesa usiku kwa baiskeli. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na wote wamekaa kimya kama wako kanisani kabla ya padri kuingia. Baba mdogo akatoka na mswaki mdomoni. Akasimama pale mlangoni muda mrefu.

Ilibidi aeleze. Zile taya ni za plasta, unga uliogandishwa, alisema, ni kama picha tu, ya kumbukumbu ya meno ya watu. Yeye ni bingwa wa kunyoosha. Mtoto mwenye meno yaliyopinda anafungwa waya, mwaka, miaka miwili, mpaka yanakaa kwenye mstari. Na yaliyoachana anayasogeza yanakutana.

Hapo wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza kama ana maana mwanya. Baba mdogo akasema ndiyo, mwanya anauziba. Nikaona wanavyomwonea huruma, mtu amekaa miaka yote huko kwenye baridi anajifunza kuharibu uzuri wa watu.

"Kwa hiyo wewe," Marsela akasema, "ni daktari wa meno yasiyouma."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wanajifunga vizuri vitambaa vyao, wanasemezana kuhusu njia ya zahanati. Yule wa Sibwesa ndiye aliyekaa mpaka mwisho, akauliza kama haiwezekani basi alinyooshe hilo hilo lililooza. Nilipogeuka kumtafuta bibi, alikuwa ameshaingia ndani.

Hakutoka siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu shavu lilikuwa limevimba, limeshuka mpaka chini ya taya, ngozi inang'aa kama ya nyanya. Mwili wa moto. Baba mdogo alimwomba afungue mdomo, akaangalia kwa tochi, na mimi niliyeshika kikombe cha maji niliona tochi inatetemeka, mwanga unarukaruka ukutani kama ndege aliyeingia bahati mbaya. Akamwambia, mama, twende kwa Ponsian leo hii. Bibi akageukia ukutani.

Nilikwenda kugeuza mpunga uliokuwa unakauka. Baba mdogo akaja, akakaa kwenye tuta la jaruba. Watu huwa wananiambia mambo, nafikiri kwa sababu siwajibu.

Akaniambia ule uvimbe ukishuka shingoni, bibi atashindwa kupumua. Halafu akasema kwamba mama yake anafikiri amekataa, na watu wanafikiri hajui. Yote mawili si kweli. Alisoma miaka mitano meno yote, kung'oa, kuziba, kusafisha, dawa, kila kitu, kama daktari wa meno yeyote. Hiyo mitatu ya mwisho ndiyo ya kunyoosha. Mtu hawi bingwa bila kuwa daktari wa kawaida kwanza, na ukishakuwa bingwa hakuna anayekuja kukunyang'anya cheti cha kwanza. Ruhusa anayo. Hata Dar wamemwambia siku wagonjwa wakiwa wengi atang'oa kama wengine.

Nikaendelea kugeuza mpunga. Kisha akasema mara ya mwisho kushika koleo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Ni mama mmoja mzee, umri wa bibi. Jino likavunjika, mama akapiga kelele, na mwalimu akaja akamtoa koleo mkononi mbele ya darasa zima. Baada ya hapo akachagua waya. Waya unakwenda polepole na hakuna mtu anayelia.

"Karatasi inaniruhusu, Pelagia. Mkono ndio unanikatalia."

Sijui maneno yalitoka wapi. Mbele yangu mpunga ulikuwa wa dhahabu mpaka unaumiza macho, nikawa kama nasikia mtu mwingine anasema kwa sauti yangu.

"Ponsian ana mkono," nikasema. "Hana karatasi kama yako. Mkikaa chumba kimoja, si vinakuwepo vyote?"

Aliniangalia kama ndiyo kwanza ananiona.

Akasema hawezi kwenda kumwomba Ponsian. Atasemaje, daktari wa miaka minane anamwendea mtu wa kozi ya miaka miwili amfundishe kung'oa. Nikasema nitakwenda mimi. Na niliposema hivyo nikaogopa sana.

Zahanati ilikuwa imebaki na watu wawili. Nilisimama karibu na mlango mpaka wakaisha. Ponsian ni mtu mfupi, mnene wa mikono, anavaa koti jeupe lililofuliwa mpaka limekuwa laini kama shuka. Akaniona, akaniashiria kiti. Nilitaka kumwambia kwamba sikuja kwa ajili yangu, lakini sauti haikutoka, na kabla sijaipata nimeshakaa, kichwa kimelazwa nyuma, mdomo uko wazi. Alikagua meno yangu yote. Niliangalia dari. Kulikuwa na doa la maji lenye umbo la samaki, nikafikiri nikae tu hapo, nife na aibu yangu kwenye kiti cha Ponsian.

"Mazima yote," akasema. "Sasa umeniletea nini?"

"La bibi."

Akavua miwani. Alimjua bibi, Mwamkulu nzima ilimjua. Akasema miaka saba mama Emerensiana anakutana naye kanisani, amefunga shavu, anamsalimia vizuri na kumwambia wazi kwamba jino lake lina daktari wake. Wagonjwa wengine wakawa wanauliza kwani huyu Ponsian ana kasoro gani mpaka mama yule avumilie vile. Nilidhani atanifukuza. Nikamweleza kuhusu uvimbe na homa. Nikamweleza na habari ya mkono, nikiangalia miguu yangu. Akakunja koti lake, akafungua kabati akachukua vichupa vya penisilini, akaenda kutoa baiskeli.

Kumbe hata yeye hakutaka kung'oa siku hiyo. Alisema pakivimba vile ganzi haishiki vizuri, lazima dawa iingie kwanza. Alimchoma bibi sindano, na bibi alikubali, kwa sababu sindano si koleo. Alikuja jioni hiyo, na kesho yake asubuhi na jioni. Ile mara ya mwisho akamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini amejitesa.

Bibi alikuwa amelala, khanga usoni. 

"Wangapi wamekwenda huko wakapotea," akasema. "Wanaoa, wanasahau njia. Nikasema huyu nimwachie kazi. Mtu mwenye kazi inayomngoja nyumbani, anarudi."

Baba mdogo alikuwa nyuma ya mlango. Nilimwona kupitia upenyo wa mbao. Alikuwa amesimama wima, macho yamefumbwa, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Jioni ile Ponsian hakuondoka. Alikuwa amekuja na kichwa cha mbuzi kutoka machinjioni, kimefungwa kwenye gunia. Wakaenda nyuma ya jiko, wakaniita nishike. Nilikaa chini, taya ya mbuzi mapajani, na wale wanaume wawili wamepiga magoti mbele yangu. Ponsian alimwita baba mdogo "daktari" kila sentensi, na kila sentensi ilikuwa ya kumsahihisha. Daktari, usivute, hili si gugu. Lisukume chini kwanza, daktari, kama unataka kulirudisha. Sasa litikise nje, ndani, mpe mfupa nafasi ya kuachia. Daktari, kwa jino la chini kulia usisimame mbele ya mgonjwa, simama nyuma yake, mkono wa kushoto ubebe kidevu. Mimi nikawa mgonjwa, mbuzi na mimi. Mikono ya baba mdogo ilikuwa inapita juu ya kichwa changu, inanukia sabuni ya mbali, na jua lilikuwa linazama polepole sana, kama nalo linajifunza. Jino la nne lilitoka zima na mizizi yake. Ponsian akalichukua, akaligeuza kwenye mwanga, akampa.

Kesho yake uvimbe ulikuwa umepungua. Baba mdogo akaingia kwa bibi, akakaa kitandani. Akamwambia, mama, nitaling'oa mimi, lakini nataka Ponsian asimame pale. Bibi akamuuliza kama Ponsian ni wa kumshika mgonjwa au wa kumshika daktari. Baba mdogo akasema wa kumshika daktari. Nafikiri bibi angeweza kukataa. Lakini akaomba khanga yake mpya.

Tulikwenda naye zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwenye kile kiti bibi alionekana mdogo. Baba mdogo akachoma ganzi, na hapo mkono haukutetemeka. Tukangoja. Nje watu walikuwa wamejua, wamejaa dirishani mpaka chumba kikawa giza, Ponsian akaenda kuwasogeza mwanga uingie. Baba mdogo akachukua koleo, akasimama mbele. Ponsian akamwona. Alichukua beseni tu, akalihamisha nyuma ya kiti. Baba mdogo akaliangalia beseni, akazunguka, akaenda kusimama lilipo.

Akasukuma chini. Akatikisa nje, ndani. Bibi alikuwa ananiangalia mimi, macho makavu. Nikasikia mpaka mbuzi wa mtu huko stesheni. Halafu kikasikika kitu kama kijiti kikavu.

Baba mdogo alitoa koleo. Lilikuwa limeshika nusu ya jino, kichwa tu. Mizizi imebaki ndani.

Uso wake ulibadilika ukawa wa mtu mwingine, kijana zaidi. Nilijua ameshafika kule darasani kwake. Angeweza kunyamaza, bibi asingejua. Lakini akasema, "Mama, nimelivunja. Ponsian, njoo umalizie." Akaanza kuondoa mkono wake wa kushoto kwenye kidevu.

Bibi akaudaka ule mkono. Hakuweza kusema, mdomo uko wazi na pamba imejaa, lakini aliushika kwa mikono yote miwili, akaukandamiza pale pale kwenye taya. Baba mdogo akajaribu tena kuutoa, taratibu, na bibi akakaza. Ponsian akaangalia ile mikono mitatu. Akasema, "Basi kaa hapo hapo, daktari. Nibebee taya. Ukiibeba vizuri mimi nafanya haraka."

Akachukua chuma chembamba, akainama chini ya mkono wa baba mdogo. Mzizi wa kwanza ulitoka kwa kuchokolewa. Wa pili Ponsian aliulegeza mpaka ukawa unacheza, kisha akarudi nyuma, akampa mwenzake koleo dogo. Baba mdogo akautoa kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto bibi hakuuachia mpaka damu ilipokoma.

Tulirudi nyumbani mchana. Ponsian alikuwa amesema mgonjwa asifungue mdomo mpaka jioni, aume pamba tu. Bibi akalazwa kwenye mkeka barazani. Hatujakaa, Marsela akaja na wanawake wanne, wameleta mihogo, wamekuja kutoa pole. Wakakaa. Wakamwangalia baba mdogo aliyekuwa anaosha mikono kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Ndipo Marsela akauliza lile lililowaleta, kwamba hatimaye nani kaling'oa.

Bibi hawezi kusema. Baba mdogo ameinama. Wote wakanigeukia.

Ningeweza kujibu kwa kichwa, kumwonyesha baba mdogo tu, ikaisha hivyo, na bibi akawa ameshinda miaka yake saba. Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa wazi, hayaniambii niseme nini.

"Baba mdogo alianza, likavunjika," nikasema. "Akasema mwenyewe limevunjika. Dokta Ponsian akatoa mzizi mmoja, baba mdogo akatoa wa mwisho. Bibi alimshika mkono asiondoke."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu wazima. Masikio yalikuwa ya moto. Hakuna aliyecheka. Marsela alikuwa anapapasa shavu lake la kushoto, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani.

"La kwangu ni la juu," akamwambia baba mdogo. "Kesho utakuwepo zahanati?"

Baba mdogo akafuta mikono. Akasema atakuwepo kesho, na keshokutwa, na kila asubuhi mpaka likizo yake iishe, Ponsian akimpa nafasi.

"Lakini na yeye awepo," Marsela akasema.

Kabla baba mdogo hajajibu, bibi akatoa mkono chini ya khanga, akainua vidole viwili, akavishikilia hewani mpaka Marsela akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.